Kutajwa na Thamani ya Mwanachuoni

Mwaka 2010 alitokea katika ulimwengu wa elimu mwanachuoni mmoja aliyeitwa Ike Antkare. Makala yake yalizidi 100, na yote yalikuwa ya elimu ya kompyuta. Yalikuwa yametajwa mara nyingi hata kipimo chake cha h katika Google Scholar kikafika 94; maana yake ni kwamba alikuwa na makala 94 ambayo kila moja lilitajwa si chini ya mara 94. Katika safu ya wataalamu waliotajwa kuliko wote alishika nafasi ya 21. Sigmund Freud, bwana mkubwa wa elimu ya nafsi, alikuwa mbele yake. Albert Einstein alikuwa nyuma yake. Mtu huyu hakuwa na mke wala mtoto, hakuwa na deni dukani, wala hakupata homa hata siku moja, kwa kuwa hakuzaliwa. Cyril Labbé, mwalimu wa elimu ya kompyuta huko Grenoble, Ufaransa, ndiye aliyemuumba. Alichukua programu inayotunga makala yasiyo na maana, akaiamuru itunge, kisha akayafanya makala hayo yatajane yenyewe kwa yenyewe.

Mzaha huo ulichekesha watu wengi. Hata hivyo waliocheka ndio walewale waliorudi katika vikao vyao vya kupandisha vyeo, wakafungua majalada ya wenzao, wakatazama tarakimu ya namna ileile iliyomtukuza mtu asiyekuwapo, wakaitumia kuwahukumu watu waliokuwapo. Hapa ndipo penye jambo la kugombewa. Hesabu ya kutajwa ni chombo chenye kazi yake. Walakini kuifanya hakimu wa thamani ya mwanachuoni ni dhuluma, na dhuluma hiyo humwangukia zaidi mtu ambaye elimu yake imesimama baina ya milango miwili. Mfano ulio wazi ni ule wa tabibu Mwingereza aliyetibu wagonjwa wa akili na kuunda mashine, William Ross Ashby. Wala hakuna hoja iliyo kali juu ya hesabu hiyo kuliko ile iliyomo ndani ya vitabu vyake mwenyewe.

Yafaa kwanza chombo chenyewe kipewe haki yake. Eugene Garfield, Mmarekani, alitoa shauri la fahirisi ya kutajwa katika jarida la Science mwaka 1955, na fahirisi yake kubwa ya sayansi ikaanza kutolewa mwaka 1964. Makusudi yake yalikuwa mema na ya kawaida. Msomaji aliyeshika makala ya zamani aliwezeshwa kujua ni nani baadaye aliyeyajibu, aliyeyaendeleza au aliyeyasahihisha. Ilikuwa kama alama zinazokatwa juu ya miti ili mtu asipotee msituni. Garfield mwenyewe alionya mara kwa mara kwamba hesabu hizo zisitumiwe kwa pupa katika kumpima mtu mmoja mmoja. Lakini binadamu akipewa fimbo ya kutembelea hachelewi kuona kuwa yafaa pia kwa kupigia. Kikaja kipimo cha majarida, kinachotazama katika mwaka mmoja ni mara ngapi yametajwa makala ya miaka 2 iliyotangulia. Mwaka 2005 kikaja kipimo cha h cha Jorge Hirsch, mwanafizikia wa San Diego, ambacho humkusanya mtu mzima, pamoja na umri wake wote wa kazi, katika tarakimu moja.

Ashby alizaliwa London mwaka 1903, akasoma Cambridge, akawa tabibu wa maradhi ya akili. Tangu mwaka 1936 alifanya kazi katika hospitali ya St. Andrew's, Northampton, baada ya vita akawa mkuu wa utafiti katika hospitali ya Barnwood House, Gloucester. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini tangu mwaka 1928 alikuwa akiandika katika madaftari yake mwenyewe swali ambalo hakuna aliyemwajiri kulijibu. Ubongo, aliona, ni kitu cha maumbile kinachofuata sheria kama saa au pampu inavyofuata. Basi hupataje kujirekebisha, hata mtoto wa paka aliyeukaribia moto ukamuunguza, siku ya pili akae mbali kiasi cha kupata joto bila kuungua? Swali hili aliliandama kwa miaka 44, mpaka kufa kwake mwaka 1972. Madaftari yalifika 25, na kurasa zake ni 7,189.

Mwaka 1940, vita vikiunguruma, alitoa katika Journal of Mental Science, jarida la matabibu wa akili, makala yaliyoeleza kwamba kujirekebisha kwa kiumbe na kurudi kwa mtambo katika utulivu wake ni jambo linaloweza kutazamwa kwa jicho moja la hesabu. Miaka 3 baadaye Arturo Rosenblueth, Norbert Wiener na Julian Bigelow walitoa Marekani makala yao yenye wazo lililo jirani na hilo, na kutokana na mkondo wao likaja jina la saibanetiki, ambalo ulimwengu wote wa mashine ulilipokea. Hao waliandika katika jarida la falsafa ya sayansi. Ashby aliandika pahali ambapo mhandisi hapiti, na tabibu akipita hasimami kutazama milinganyo. Kipimo cha miaka 2 kingaliyafungia makala yake hesabu mwaka 1942. Kitabu kilichoota katika mbegu hiyo, Design for a Brain, kilitoka mwaka 1952. Mbegu ilizaa baada ya miaka 12, na mpimaji alikuwa amekwisha kukunja kamba yake na kwenda zake miaka 10 nyuma.

Wako wachache waliomwona mapema. Mwaka 1946 Alan Turing, ambaye wakati huo alikuwa akisanifu kompyuta iliyoitwa ACE katika Maabara ya Taifa ya Fizikia, alimwandikia Ashby barua akimshauri asijisumbue kuunda mashine ya pekee. Mawazo yake, alisema, yangeweza kujaribiwa juu ya ACE. Mtu wa daraja la Turing kumwandikia daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kumwambia kuwa mashine ya serikali ingefaa kwa mawazo yake, ni ushahidi mzito kupita kutajwa mara 1,000 na watu wanaotaja kwa mazoea. Lakini barua haiingii katika fahirisi. Ashby naye hakungoja. Mwaka 1948 aliunda mashine yake mwenyewe kwa vyombo vya jeshi la anga vilivyosalia vita vilipokwisha.

Mashine hiyo aliita homeostati. Ilikuwa ni visanduku 4, kila kimoja na sindano yake ya sumaku, na kila kimoja kikivipelekea vingine 3 umeme wake na kupokea wa kwao. Sindano iliwekewa mipaka. Ikiwa imo ndani ya mipaka, hapana kinachobadilika. Ikiivuka, swichi yenye vituo 25 huruka na kushika mpango mpya, bila kujua hata kidogo kama mpango huo ni bora kuliko wa kwanza; usipofaa, huruka tena. Visanduku 4 vyenye vituo 25 vina mipango 390,625, na mashine hutangatanga humo mpaka iangukie mpango unaozirudisha sindano zote mahali pake. Hapo hutulia. Ashby alizigeuza nyaya zake, akazifunga sindano mbili pamoja kwa kijiti, na mashine ikatafuta tena mpaka ikatulia. Mtu asiyeona ajabu yake na akumbuke kwamba hakuna aliyeifundisha cha kufanya. Iliambiwa tu kipi kisivukwe.

Na mtu aliyekwisha kuona ajabu hiyo aitazame sasa kwa hofu, kwa sababu ndiyo sura kamili ya chuo kikuu kinachohesabu kutajwa. Homeostati haiulizi kama mpango iliouangukia ni wa haki. Huupokea mpango wowote, madhali sindano imerudi mahali pake. Mwekee mhadhiri sindano ya kutajwa, umwambie kwamba ikishuka chini ya mpaka fulani hatapandishwa, na yeye atatangatanga katika mipango yake yote mpaka sindano itulie. Atakata utafiti mmoja vipande 5 autoe kama makala 5. Atamtaja rafiki yake ili rafiki yake amtaje. Ataliacha swali linalotaka miaka 12, ashike swali linalojibika kabla ya Ramadhani. Huenda asiwe mwizi wala mvivu. Amefanya tu kile ambacho kila kitu chenye uhai hufanya kikiwekewa mpaka. Mwaka 2013 majarida kadhaa, ya Brazil yakiwamo, yaliondolewa katika hesabu ya vipimo kwa kuwa yalipatikana yakitajana kwa mpango. Mwaka 2020 wizara mbili za China, ya elimu na ya sayansi, ziliviagiza vyuo viache kuitegemea fahirisi ya Garfield kama kipimo cha wanavyuoni na viache kuwalipa watu fedha kwa kila makala. Nchi ile ilikwisha kuona sindano zikitulia na elimu ikiyumba.

Hoja ya pili ya Ashby ni kali zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1956, kilicho mlango wa kuingilia saibanetiki, alithibitisha sheria inayohusu kila kinachotawala kitu kingine. Anayetawala, alionyesha, hana budi kuwa na namna za kujibu zinazolingana na namna za misukosuko inayomjia. Zikipungua, hakuna akili wala juhudi itakayoziba pengo. Mtu aliyefanya kazi katika hospitali hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tabibu mwenye wagonjwa wa maradhi 10 mbalimbali na dawa moja tu hawezi kuwatibu wote, hata akiitoa dawa hiyo kwa uangalifu wa namna gani. Ama ajifunze dawa nyingine, ama akiri kwamba wadi hiyo haiwezi. Njia ya tatu ni kutangaza kwamba wagonjwa wote wana maradhi mamoja, na hiyo ndiyo njia iliyofuatwa na wahesabuji. Mmoja hubuni nadharia, mwingine huunda chombo, wa tatu hukusanya ushahidi kwa miaka 20 kabla hajasema neno, wa nne hufasiri, wa tano hulea wanafunzi ambao ndio watakaoandika. Kumtawala mtu wa namna zote hizi kwa tarakimu moja ni kupima kitambaa, maji, chumvi na ng'ombe kwa pishi lile lile, kisha kumlaumu ng'ombe kwa kutoenea ndani.

Kwa mtu wa milango miwili, mambo huharibika zaidi. Matabibu huandika katika majarida, na makala ya tiba hutajwa kwa wingi kwa sababu matabibu wenyewe ni wengi na desturi yao ni kutaja sana. Watu wa kompyuta hutoa sehemu kubwa ya kazi zao bora katika mikutano, si katika majarida, na kipimo cha majarida hakiijui mikutano. Mwanahisabati hutajwa kidogo, hata akiwa amefungua njia. Kuyajumlisha hayo ni sawa na kujumlisha shilingi, rupia na paundi bila kuuliza bei ya ubadilishaji, halafu kutangaza nani tajiri. Hata jina haliko salama. Fahirisi hulikata jina la mtu likabaki na herufi zake za mwanzo. Na katika miaka ileile ambayo W. Ross Ashby aliwachunguza wagonjwa wa akili Uingereza, Winifred Ashby, mwanamke mzaliwa wa London, alikuwa akichunguza damu na ubongo katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya St. Elizabeths, Washington. Wote wawili W. Ashby, na wote wawili wenye kuandika juu ya ubongo. Karani mwenye haraka anaweza kumvisha mmoja joho la mwingine, na hapana atakayejua, kwa kuwa hapana atakayesoma.

Iko pia kazi ambayo kutajwa kwake mara moja kulizidi uzito wa fahirisi nzima. Warren McCulloch alikuwa profesa wa maradhi ya akili Chicago. Mwaka 1943, pamoja na kijana Walter Pitts, aliyekuwa na miaka 20 na asiye na shahada yoyote, alitoa makala yaliyoonyesha kwamba chembe za neva zaweza kutazamwa kama vipande vya mantiki, kila kimoja kikisema ndiyo au siyo. Mwaka 1945 John von Neumann aliandika ripoti ya kompyuta ya EDVAC, ripoti iliyoeleza muundo ambao kompyuta zilizofuata ziliurithi. Kazi iliyochapishwa aliyoitaja humo ilikuwa moja tu, nayo ni hiyo ya McCulloch na Pitts. Tabibu wa akili aliingia katika msingi wa kompyuta kwa mlango huo mwembamba. Ripoti yenyewe ilipitishwa mkono kwa mkono, haikutolewa na jarida lolote. Kwa desturi ya wahesabuji wa leo thamani ya kutajwa huko ni sifuri.

Upande wa pili wa mizani uko mfano ulio karibu na nyumbani. J. C. Carothers alikuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 mpaka mwaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo aliandika kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata aliandika ripoti juu ya nafsi ya Mau Mau, ambamo watu waliopigania ardhi yao walielezwa kama watu wenye ugonjwa. Frantz Fanon, naye tabibu wa akili, alimjibu katika kitabu chake cha mwaka 1961. Tangu hapo wengi wamemjibu, na kila anayeandika historia ya tiba ya akili katika Afrika hana budi kumtaja, aghalabu ili kumkanusha. Hesabu yake hupanda. Fahirisi haijui kusema kwamba huyu ametajwa kama mwalimu na yule ametajwa kama mshitakiwa. Kwake kutaja ni kutaja. Hata insha hii, lau fahirisi hizo zingalisoma Kiswahili, ingalimwongezea Carothers alama moja.

Lakini hazisomi, au husoma kwa nadra mno, na hapo ndipo jambo hili linapowagusa wasomaji wa kurasa hizi. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha. Lina umri mkubwa kuliko fahirisi ya Garfield kwa zaidi ya miaka 30. Mtu aliyeandika humo kwa miaka 20 anaweza kuingia katika kikao cha vyeo akaambiwa kwamba duniani hajulikani. Dunia inayokusudiwa ni ile inayoandika Kiingereza na kuhesabiwa na makampuni mawili au matatu. Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwaka 2014 vigezo vinavyogeuza makala kuwa alama, na majirani nao wana taratibu za jinsi hiyo. Nia ilikuwa kuweka usawa baina ya vyuo. Mhadhiri kijana huisoma nia hiyo kwa namna yake: huhesabu alama zilizobaki, na huchagua lugha, jarida na swali kwa kufuata alama.

Tuseme yupo tabibu wa akili katika hospitali ya Mirembe, Dodoma. Kila siku humjia watu wasiosema kwamba wana huzuni. Husema moyo ni mzito, au unakwenda mbio. Husema wana mawazo mengi, wanafikiri sana, kichwa kimejaa. Maneno hayo hayaingii kwa urahisi katika maswali yaliyotungwa London au New York, na anayeyafasiri kwa neno moja huyaua. Tabibu huyu hushirikiana na mtu wa kompyuta ili waunde programu itakayosikia Kiswahili cha mgonjwa, cha Tanga na cha Kigoma, na kumsaidia mganga wa zahanati ya mbali kujua nani apelekwe hospitali upesi. Kazi hii inataka miaka ya kusikiliza, ruhusa ya wagonjwa, kamusi ambayo bado haijatungwa, na insha za Kiswahili ambazo watunza afya wenyewe wataweza kuzisoma na kuzibishia. Watu wa tiba watamwambia mmoja wao kwamba haya ni mambo ya mashine. Watu wa mashine watamwambia mwingine kwamba lugha aliyoichagua haina soko. Kwa kipimo cha miaka 2 wote wawili watakuwa wamelala. Wakiwa na busara ya dunia wataiacha kazi hiyo na kuandika makala 5 mepesi juu ya takwimu za watu wengine, nao watapandishwa, na mgonjwa wa Kigoma atabaki akisema moyo mzito mbele ya mtu asiyemwelewa.

Watetezi wa hesabu wanayo hoja moja nzito, na si vyema kuiruka. Husema kwamba kabla ya tarakimu vyeo vilitolewa kwa udugu, kwa kabila, kwa chama na kwa kunywa chai pamoja. Tarakimu, hata ikiwa kipofu, haina shangazi. Kila aliyeishi katika chuo anajua kwamba mashaka hayo si ya kubuni. Lakini upendeleo haukufa tarakimu ilipoingia. Umebadilisha nguo. Mkubwa wa idara hulipachika jina lake juu ya makala ya kijana ambayo hakuandika hata mstari, na tarakimu humpa zawadi. Mhariri hudokeza kwamba makala yatapita upesi yakilitaja jarida lake. Zamani mwenye kudhulumiwa aliweza kumnyoshea kidole mtu, akamwambia umenionea. Leo huonyeshwa namba, na namba haina uso wa kutazamwa.

Dawa ya upendeleo ni kumlazimisha hakimu aandike sababu zake. Mwombaji na achague kazi zake 3 au 4 anazotaka zimsemee. Zisomwe na watu wawili wa kila mlango anaosimama, na asiwemo kati yao mtu wa idara yake. Kila mmoja aandike alichokiona humo na kwa nini kina thamani au hakina, na mwombaji apewe maandishi hayo na haki ya kuyajibu. Fahirisi iletwe pia mezani, kama alama za njia ambazo Garfield alizikusudia: imwambie msomaji ni nani aliyeijibu kazi hii, ili akamsome huyo naye. Haya si mageni. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilitaka kipimo cha majarida kisitumiwe kumhukumu mtu, na Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 iliweka kanuni 10 zinazotanguliza hukumu ya wajuzi mbele ya tarakimu. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kilitangaza kukiacha kipimo hicho katika kuajiri na kupandisha vyeo. Watu hao hawakuogopa kwamba bila namba wangekuwa vipofu.

Patasemwa kwamba kusoma kunachukua muda. Ni kweli. Kunachukua jioni kadhaa za watu wanaolipwa mshahara kwa ajili ya kusoma. Profesa anayeona taabu kusoma makala 4 ya mwenzake kabla ya kuamua riziki yake ya miaka 10 ijayo, afadhali aseme hivyo wazi mbele ya baraza la chuo, pasipo kujificha nyuma ya kipimo cha h.

Mwaka 1961 Ashby, mwenye umri wa miaka 57, alikwenda Chuo Kikuu cha Illinois, akafundisha huko mpaka mwaka 1970 katika maabara ya kompyuta za kibaiolojia iliyoongozwa na Heinz von Foerster. Tabibu wa akili alikaa pamoja na wahandisi wa umeme, na wanafunzi wa pande zote mbili wakaja kwake. Von Foerster alimjua. Alikuwa mmoja wa wahariri wa mijadala ya mkutano wa mwaka 1952 ambako Ashby aliwaeleza wanavyuoni wa Marekani habari za homeostati, na wao wakambishia vikali. Fahirisi ya Garfield ilikuwa haijatoka bado. Ingetoka miaka 3 baadaye. Vitabu viwili vya Ashby vilikuwapo, na waliomtaka walivifungua.